Upepo Uliotoka Juu

Mwavuli uling'oka pamoja na debe la mchanga lililoushikilia. Ilikuwa alasiri ya kusi, Mombasa, upande wa Ganjoni, chini ya ghorofa jipya, nami nimesimama nikingoja viazi karai vyangu vitoke kwenye mafuta. Mama muuzaji hakupiga hata ukelele. Aliinama, akalifunika karai kwa sinia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaudaka mkebe wa ukwaju usimwagike. Cheche za makaa zikapita miguuni mwetu. Vipande vya gazeti vya kufungia viazi vikatawanyika hadi katikati ya barabara, tuktuk zikapita juu yake.

Kilichonishika ni mwarobaini wa ng'ambo. Ulikuwa unatikisa majani taratibu, mtikisiko wa saa kumi ya kila siku, na watu waliokaa chini yake hawakuinua hata kichwa.

"Mama, mbona upepo wa hapa uko hivi?"

"Hapa? Tangu wamalize ghorofa hili, mwanangu, upepo wa hapa hautoki baharini tena. Watoka juu." Akaonyesha kwa upawa, kuanzia paa mpaka kwenye meza yake. "Wateremka ukutani hadi chini, kisha wazunguka pembeni hapa. Juma lile ulinimwaga unga wote wa dengu."

Upepo unaotoka juu.

Wiki zimepita, na kila nikipita chini ya jengo refu hapa mjini nainua macho. Nimesoma, nimeuliza, nimepanda ngazi za watu, na sasa naandika kwa sababu jambo hili linahusu kila mtu anayeishi kisiwani, Nyali, Tudor, Bamburi, popote ambapo nyumba ya ghorofa mbili inabomolewa na mabati kuzungushwa kiwanja.

Napenda maghorofa

Nikiwa mdogo, tukienda mjini na marehemu bibi, nilikuwa nikisimama Digo Road nikihesabu ghorofa za Bima Towers mpaka shingo iume, na bibi akinivuta mkono tusichelewe matatu. Mpaka leo nikiwa kwenye feri ya Likoni natazama mji. Minara ya misikiti, winchi za bandari ya Kilindini, na nyuma yake hayo majengo mapya ya Kizingo na ya upande wa pili wa maji yakiongezeka kila mwaka. Moyo wangu hufurahi. Mji unaopanda juu ni mji ambao watu wake wanategemea kesho.

Na wivu wa Nairobi tunao, tusikatae. Wao walipata jumba la mikutano la KICC mwaka 1973, mita 105, kazi ya wasanifu David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik. Mwaka 2017 wakamaliza Britam Tower, mita 200, na kileleni wakaweka mitambo mitatu ya kuzalisha umeme kwa upepo. Hilo la mwisho liliniuma kidogo. Sisi ndio tunaohesabu mwaka kwa kusi na kaskazi, lakini wa bara ndio waliofikiria kuupa upepo kazi juu ya paa. Pwani yetu palitangazwa mnara wa ghorofa 61 kule Watamu, ukazua ubishi mkubwa, na haukujengwa.

Wapo wanaosema majengo marefu si yetu, yetu ni Mji wa Kale na nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa. Sikubaliani nao. Nusu ya jamaa zangu ukiwauliza asili watakutajia Hadhramaut ya Yemen, na Hadhramaut ndiko uliko mji wa Shibam, wenye nyumba za udongo zilizosimama kwa ghorofa tano, sita, saba na zaidi, nyingi zikiwa za tangu karne ya 16, na watu wanakaa humo hadi leo. Hamu ya kwenda juu ilikuwa kwa wazee wetu pia.

Kwa hiyo sina ugomvi na urefu. Nina swali.

Tunapohesabu ghorofa, ni nani anayehesabu upepo?

Mzigo unaosukuma ubavuni

Fundi yeyote wa Mombasa atakueleza uzito wa nyumba. Slabu inabebwa na mihimili, mihimili inabebwa na nguzo, nguzo zinashuka kwenye msingi, msingi unakaa juu ya jiwe. Uzito unakwenda chini na haubadiliki kati ya asubuhi na jioni. Nyumba ya ghorofa mbili inaweza kuishi umri wake wote bila mtu kuufikiria upepo zaidi ya kufunga mabati vizuri.

Ukipanda juu mambo hugeuka, na sababu ni tatu. Chini huku upepo unakwaruzwa na nyumba, miti na kuta, unapungua mbio. Kadiri unavyopanda, vizuizi vinaisha na kasi inaongezeka. Tena nguvu yake haiongezeki sawa na kasi. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unasukuma kila mita mraba ya ukuta kwa nguvu ya kama kilo 6. Ukiongezeka mara mbili, kilomita 72, nguvu inakuwa kilo 25. Ukifika 144, ni kilo 100. Kasi mara mbili, nguvu mara nne. Chukua jengo lenye uso wa mita 30 kwa 60, upana wa kawaida kabisa kwa viwanja vyetu, lipige upepo wa kilomita 72: ni tani 45 zinazolisukuma ubavuni, na hapo bado hujahesabu upepo unaovuta kwa nyuma.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Jengo likiongezwa urefu mara mbili huku upana ukibaki ule ule, nguvu inayotaka kuling'oa msingini huongezeka mara nne, hata kama upepo wenyewe haukuongezeka hata kidogo.

Nahodha akiona upepo umezidi hupunguza tanga. Ghorofa ni tanga lisilopunguzika, na limejaa watu.

Ndiyo maana moyo wa jengo refu ni zile kuta nene za zege zinazozunguka lifti na ngazi. Wengi wetu tunadhani zimewekwa kubeba lifti tu. Hizo ndizo zinazosimama dhidi ya upepo, toka chini hadi paa, na nguzo unazoziona sebuleni ni wasaidizi. Mtu akikuambia anataka kutoboa ukuta wa ngazi ili apate mlango mpana, mkatalie.

Kijana wa Dhaka

Katika kusoma huku nimekutana na mtu ambaye nasikitika sikufundishwa habari zake shuleni.

Fazlur Rahman Khan alizaliwa Dhaka mwaka 1929, akaenda Marekani kusoma uhandisi mwaka 1952, akaishia Chicago, mji ambao upepo wake ni sehemu ya jina lake. Wakati ule majengo marefu yalikuwa yakijengwa kwa msitu wa nguzo za chuma ndani, na kila ukiongeza ghorofa, chuma cha kuzuia upepo kilizidi mpaka gharama ikawa haivumiliki. Khan alihamisha nguvu kutoka ndani kwenda nje. Alisema, kwa hesabu zake, kwamba kama kuta za nje zitafungamana vizuri, jengo zima litafanya kazi ya bomba moja kubwa lililosimikwa ardhini, na ndani patabaki wazi.

John Hancock Center ya Chicago, iliyokamilika mwaka 1969, ina ghorofa 100, na ukiitazama unaona alama kubwa za X zimepanda ubavuni kuanzia chini mpaka juu. Hizo X hazikuwekwa kwa mapambo. Ndizo zinazopokea upepo na kuuteremsha ardhini. Jengo lile lilitumia chuma cha kama kilo 145 kwa kila mita mraba ya sakafu, wakati Empire State ya mwaka 1931, yenye karibu idadi hiyo hiyo ya ghorofa, ilitumia kama kilo 206. Halafu akafunga mabomba tisa pamoja kama mzigo mmoja, ikawa Sears Tower, mita 442, iliyobaki kuwa ndefu kuliko zote duniani kwa zaidi ya miaka 20.

Lakini lililonifanya nimpende ni jengo lake lisilo refu.

Ami yangu alipokwenda Hija alirudi na habari nyingi, na mojawapo ilikuwa ile ya mahema makubwa meupe uwanja wa ndege wa Jeddah, mahali mahujaji wanaposubiri mabasi. Alisema: "Hakuna kiyoyozi, hakuna kuta, na bado wapata pumzi." Mahema yale ni 210, yalifunguliwa mwaka 1981, na mhandisi wake ni Fazlur Khan yule yule. Kila hema lina tundu juu, hewa ya moto inapanda na kutoka, na ya chini inaingia kutoka pande zote kwa kuwa hakuna ukuta wa kuizuia. Khan alifariki Jeddah mwaka 1982.

Mtu mmoja: Chicago aliuzuia upepo, Jeddah akaufungulia mlango.

Nilipofika hapo nilianza kuona kwamba nilikuwa nikiuliza nusu ya swali. Nilikuwa nimeshughulika na namna jengo linavyousimamia upepo. Sikuwa nimeuliza jengo linaufanya nini upepo wa watu wengine.

Visulisuli

Kabla sijashuka chini, kuna jambo moja la huko juu ambalo ni la ajabu na sitaki likupite.

Watu wengi hudhani upepo ukipiga jengo mbele, jengo litayumba kwenda nyuma. Huyumba kiasi. Mara nyingi, katika minara mirefu, mwendo mkubwa zaidi ni wa ubavuni. Upepo ukipita pembeni huachia visulisuli, kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa zamu, na kila kimoja kinalivuta jengo upande wake. Zamu ile ikilingana na mwendo wa asili wa jengo lenyewe, kila mvuto unaongeza ule uliotangulia. Upepo wa wastani unaoshika zamu yake barabara unaweza kusumbua kuliko upepo mkali usio na mpango.

Dawa ya Burj Khalifa, mita 828, ilikuwa umbo. Mhandisi wake Bill Baker na wenzake waliweka mabawa matatu, wakayapunguza moja baada ya jingine kadiri jengo linavyopanda, ili kila kimo kiwe na upana wake na visulisuli visipate kupatana. Waliujaribu mfano wake mdogo kwenye handaki la upepo, chumba ambamo upepo hupulizwa kwa mashine, tena na tena, na majaribio yakawafanya waugeuze mnara mzima uelekee kwingine.

Taipei 101, mita 508, walichagua uzito. Kati ya ghorofa ya 87 na ya 92 pananing'inia tufe la chuma la tani 660. Mnara ukienda huku, tufe linachelewa na kuuvuta kule. Kimbunga Soudelor kilipopita Agosti 2015 tufe lile lilisogea kiasi cha mita moja, na mnara ukabaki salama.

Kuyumba si ugonjwa. Kanuni ambayo wahandisi wengi huifuata ni paa lisisogee zaidi ya sehemu moja katika 500 za urefu wa jengo. Kwa mita 60, hizo ni sentimita 12.

Usiku wa New York

Hapa ndipo shaka iliponiingia kweli kweli.

Citicorp Center ilifunguliwa New York mwaka 1977, ghorofa 59. Kwa kuwa kwenye pembe ya kiwanja palikuwa na kanisa lisiloweza kuhamishwa, mhandisi William LeMessurier aliweka nguzo kubwa katikati ya kila upande badala ya pembeni. Hesabu za upepo zilifanywa kama ilivyokuwa desturi: upepo unaopiga uso wa jengo moja kwa moja. Mwaka uliofuata, baada ya maswali kutoka kwa wanafunzi, LeMessurier alihesabu upya upepo unaokuja kwa pembe, unaopiga nyuso mbili kwa pamoja, akaona vyuma vyake vinabeba asilimia 40 zaidi. Tena alikuwa amekwishapata habari kwamba maungio aliyotaka yachomelewe yalifungwa kwa bolti. Alikwenda kwa wenye jengo akawaambia. Mafundi wakachomelea vibao vya chuma usiku hadi usiku, wafanyakazi wa afisi wakirudi asubuhi bila kujua, na kimbunga Ella kikiwa baharini. Umma haukuambiwa ukweli wote mpaka mwaka 1995.

Nilisoma habari hizo usiku. Asubuhi yake nikaenda kwa binamu yangu anayekaa ghorofa ya 14, upande wa bahari, kusi ikivuma. Nilisimama sebuleni kwake nimeutia mkono ukutani.

"Waogopa?" akaniuliza.

"Kusi yapiga pembe," nikamwambia.

Sikuwa natania. Mtaa ule umepimwa kwa kufuata barabara, na barabara hazikuchorwa kwa kufuata upepo. Kusi inakuja kwenye jengo lile kwa pembe kabisa. Nilipata fursa ya kuzungumza na mhandisi mmoja wa majengo, mtu wa hapa hapa, nikamwaga hofu yangu yote mezani kwake. Alinisikiliza, kisha akanipa hesabu bila haraka. Majengo yetu ya ghorofa 12, 15, 20 ni ya zege, mazito, mafupi kwa viwango vya minara ya dunia. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, na vimbunga vikubwa vya Bahari ya Hindi havipendi kusogea karibu na Ikweta. Tahadhari lazima iwepo: Unguja ilivunjwa na tufani mwezi Aprili 1872, Lindi ikapigwa Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia. Lakini jengo la zege lililohesabiwa na mhandisi wa kweli, likajengwa kwa nondo zile zile zilizoandikwa kwenye ramani, halitaangushwa na kusi.

"Wewe waogopa jengo lisianguke," akasema. "Twende nikuonyeshe cha kuogopa."

Chini ya roshani

Alinipeleka kwenye jengo la zamani kidogo, umri wa miaka labda 30, lililotazama bahari. Akaniambia niinue kichwa nitazame chini ya roshani ya ghorofa ya pili.

Zege lilikuwa limebanduka kipande cha ukubwa wa trei. Ndani yake nondo nne, au zilizokuwa nondo: zimevimba, rangi ya kahawia iliyoiva, zinamenyeka tabaka kwa tabaka. Alichukua funguo zake akaigusa moja, na ganda likaanguka juu ya kiatu chake. Kando yake, kwenye sehemu iliyoonekana nzima, palikuwa na ufa mwembamba ulionyooka sawasawa, na pembeni mwa ufa mchirizi wa kutu umeteremka ukutani. "Hapo ndani nondo imelala pale pale penye ufa," akasema. "Chora mstari, ndipo ilipo."

Kusi na kaskazi hubeba chumvi. Haionekani, lakini pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha la upande wa bahari kisha ukilambe. Chumvi ile inaingia kwenye zege polepole, na ikifika kwenye nondo inaanza kuila. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Zege likipasuka, chumvi inapata njia pana zaidi. Na huko juu mvua haianguki, inasukumwa ubavuni, inatafuta kila kiungo cha dirisha, kila tundu la bomba.

Kwa hiyo upepo wa Mombasa unafanya kazi kila siku, miaka 30, bila kelele. Kinachouzuia ni mambo ambayo mnunuzi wa nyumba haulizi kamwe: zege limefunika nondo kwa unene gani, mchanga ulitoka wapi na ulioshwa au la, zege lilimwagiwa maji siku ngapi baada ya kumwagwa. Unauliza kuhusu marumaru na lifti. Uliza hayo pia, na uliza mbele ya mashahidi.

Boston walijifunza kwa vioo. Mnara wao wa John Hancock, tofauti na ule wa Chicago, ulianza kudondosha vioo barabarani mwaka 1973, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Matundu yakazibwa kwa plaiwudi, barabara zikafungwa upepo ukizidi, na mwishowe vioo vyote zaidi ya 10,000 vikabadilishwa. Kosa lilikuwa kwenye kiungo chembamba cha kushikanisha tabaka za kioo, kigumu mno kuvumilia mwendo wa kila siku. Nawakumbuka kila nikiona jengo jipya la vioo vitupu likiinuka ufukweni kwetu.

Upepo ni wa nani?

Yule mama wa viazi alichokichora kwa upawa ndicho hasa kinachotokea. Upepo ukilipiga jengo pana lililozidi majirani zake, sehemu yake inapita juu, sehemu pembeni, na ule unaopiga chini ya kama theluthi mbili za urefu hauna pa kwenda ila kuteremka. Ni upepo wa kasi ya juu unaoletwa mtaani, kisha unabanwa pembeni mwa jengo na kuzidi mbio. Kadiri jengo linavyopita wenzake kwa urefu ndivyo linavyovuna zaidi.

Leeds, Uingereza, mwezi Machi 2011, upepo wa namna hiyo chini ya jengo la ghorofa 32 uliangusha lori, likamuua mtu aliyekuwa akipita kwa miguu. Baadaye vikawekwa vizuizi vya kuuvunja upepo. City of London ilitoa mwongozo mwaka 2019: anayetaka kujenga mrefu aonyeshe jengo lake litaufanyia nini upepo wa barabarani, wa wapita njia na wa waendesha baiskeli.

Na kuna upande wa pili, ambao kwetu naona ni mzito zaidi. Upepo unaoongezeka pembeni mwa jengo unapotea nyuma yake. Hong Kong walijenga majengo marefu yaliyobanana ufukweni mpaka mitaa ya nyuma ikakosa hewa, na baada ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003 watu hawakukaa kimya. Tangu 2006 serikali yao ina utaratibu wa kupima hewa itapitaje kabla ya miradi mikubwa kujengwa.

Fikiria Mombasa ya Februari. Usiku wa kaskazi, joto, umeme umekatika. Nyumba za nyuma zinategemea kitu kimoja tu, ule upepo unaoingia dirishani. Ukijengwa ukuta wa ghorofa 15 kutoka pembe hadi pembe ya mtaa upande wa bahari, walioko mbele wamepata mandhari na walioko nyuma wamenunulishwa feni bila kuulizwa. Wazee waliojenga Mji wa Kale walibanwa na urefu wa boriti za mikoko, upana wa chumba haukuweza kuzidi kama mita tatu, lakini walijua kuacha vichochoro, kuelekeza roshani, kuweka baraza mahali penye pumzi. Upepo ulikuwa ndani ya ramani hata kama hapakuwa na ramani.

Dawa zipo na si ngumu. Chini ya mnara weka jengo fupi pana, upepo unaoteremka ukaishie juu ya paa lake, si juu ya vichwa vya watu. Weka vibaraza vyenye paa pembeni. Viringisha pembe. Simamisha minara miwili myembamba yenye nafasi katikati badala ya ukuta mmoja mpana. Yote haya ni rahisi kwenye karatasi na hayawezekani baada ya zege kukauka.

Tangazo kwenye mabati

Karibu na kwetu pamezungushwa mabati, na tangazo limebandikwa: namba ya kiwanja, idadi ya ghorofa, idadi ya nyumba, maegesho ya magari, visima, maji machafu yataelekea wapi, na mwaliko kwa wananchi kutoa maoni. Nililisoma nikiwa nimesimama juani, mstari kwa mstari, nikitafuta neno moja. Halimo.

Nimeandika barua. Nimeomba waonyeshe upepo utafanya nini kwenye pembe ya barabara, pale watoto wa chuo wanapovukia. Nimeuliza jengo litawaachia hewa kiasi gani walio nyuma yake, na kama upana wake unaweza kukatwa katikati bila kupunguza hata nyumba moja ya mwenye mradi, kwa sababu sitaki mradi ufe, nautaka mzuri. Nimeuliza unene wa zege juu ya nondo za roshani. Majirani kadhaa wameweka sahihi, na mmoja, bwana mmoja mtu mzima aliyekuwa nahodha, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe mistari miwili kuhusu upepo wa mwezi wa sita.

Nikaipeleka mwenyewe. Kijana aliyeipokea hakuigonga muhuri haraka haraka. Aliisoma yote, akageuza ukurasa, akarudi wa kwanza. Kisha akaniuliza kwa makini kabisa:

"Mnataka wapime kusi au kaskazi?"

"Zote mbili, mwanangu," nikamwambia. "Na matlai ya asubuhi pia, ikiwezekana."

Akaandika pembeni ya barua, akagonga muhuri, akanipa nakala yangu.